Kitanda cha Kumi

Vifungo vya shati vilikuwa vimepanda tena, cha tatu kwenye tundu la nne, cha nne hakina pa kwenda. Eugénie alivifungua vyote akaanza upya kutoka chini, huku kaka yake Augustin ameinua kidevu kama mtu anayenyolewa.

"Lunettes yangu?"

"Iko ku kichwa, yaya," Eugénie akamjibu kaka yake mkubwa.

Miaka hamsini na minane, na kila asubuhi miwani ilipotea palepale.

Tangu saa kumi na mbili Eugénie alikuwa ameshateka maji, amewasha makaa, ametwanga majani ya muhogo ya sombe, na amepanga vidonge vya presha vya kaka yake: vya asubuhi kwenye kifuniko chekundu, vya jioni kwenye cheupe. Augustin akiachiwa mwenyewe humeza vya siku mbili kwa mpigo, ili kazi iishe.

Mwaka jana Eugénie alikwenda Kambove, kwa dada yao Tina, kwenye msiba wa siku mbili. Aliporudi alimkuta kaka mtu ameketi kizingitini, hajala tangu jana, sufuria imeungua hadi kutoboka, naye anauliza chumvi iko wapi. Chumvi ilikuwa mezani. Tangu hapo Eugénie hakuondoka tena, hata mtoto wa Tina alipoolewa.

Mama yao, kabla ya kufa, aliwaambia neno moja tu: "Muangaliane." Na mtaa mzima ulikuwa umekwisha kukata shauri: katika nyumba ile, mmoja bila mwenzake angekuwa marehemu zamani.

Leo wageni walikuwa wanakuja. Kituo kipya kilikuwa kimefunguliwa kwenye njia ya Mulungwishi, cha watu wazima wenye ulemavu wa akili. Kuna masista, bustani ya mboga na vitanda kumi. Vitanda tisa vilikuwa vimepata wenyewe. Cha kumi, kwa habari zilizofika, kilikuwa kinangoja mtu kutoka nyumba hii.

Eugénie alipangusa meza ileile mara tatu. Yeye na kaka yake hawakuwahi kutenganishwa.

Augustin hakuwa na wasiwasi. Wageni wa namna hiyo alikuwa amewazoea. Kwenye mikutano ya haki za walemavu huwekwa kiti cha mbele, huvikwa fulana iliyoandikwa SAUTI YAO KWANZA, hupewa soda na biskuti, hupigwa picha akiwa amekumbatiwa na wakubwa, kisha hurudi nyumbani anang'aa kama bibi harusi. Eugénie hakuwahi kualikwa. Fulana zile alizijua kwa kuzifua.

Walifika wawili: Mama Orpa, msimamizi wa kituo, mnene na mpole, ameshika bahasha ambayo bado imefungwa, na Stéphane, kijana wa picha, ambaye alimwomba Eugénie asogee kidogo maana alikuwa anaziba mwanga. Augustin alikuwa chumbani, anapigana na tai.

"Karibuni, mwikale," Eugénie akasema, akaweka viti.

Stéphane akaonyesha bahasha. "Mama Orpa, hatusomi kwanza fomu?"

"Fomu minye nasomaka ku mwisho. Kwanza nasikiaka bantu." Akamgeukia Eugénie. "Mama, mu hii nyumba, nani hawezi kuikala yee moja?"

Eugénie akatazama mlango wa chumba. Kumsema kaka yake mbele ya wageni kulimtia haya. Lakini uongo nao hakuufundishwa.

"Ni yaya Augustin," akajibu kwa sauti ya chini.

"Anajipikiaka?"

"Alijaribu. Sufuria ilikufa."

"Dawa yake anaijua?"

"Minye njo namupatiaka."

"Nguo je? Anavaa mwenyewe?"

"Anavaa. Kisha minye namuvalisha tena."

Stéphane akacheka puani. Mama Orpa hakucheka. Alikuwa anaandika kwenye daftari lake, herufi kubwa kubwa, bila haraka. Kisha akaweka kalamu chini.

"Na weye, Mama? Weye unachagua nini?"

Eugénie akafuta mikono kwenye kitenge chake, ingawa ilikuwa mikavu. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na swali hilo lilikuwa halijawahi kumfikia. Alilizungusha kichwani, akakuta jibu lilikuwa pale siku zote, limekaa kimya.

"Kuikala humu, mu nyumba ya mama. Na kuenda Kambove kwa Tina, siku minye nataka. Nikarudia, siku minye nataka."

"Na yaya yako akikwenda kituo?"

Eugénie akatazama sufuria ya sombe.

"Kule banapika?"

"Mara tatu ku siku."

"Basi bamuangalie muzuri. Sombe yake baweke pilipili kidogo tu." Akapangusa meza mara ya nne. "Na minye nitakuwa namufikia ku dimanche."

Mama Orpa akaandika hayo yote, hata Jumapili, hata pilipili.

Ndipo Augustin akatoka chumbani, tai imefika karibu na kifua, mkono mbele, tabasamu limetangulia. Mama Orpa akaupokea mkono, akamkalisha, akachana bahasha na kusoma kwa sauti:

"'Fomu ya chaguo. Mwenye ulemavu wa akili tangu kuzaliwa: Eugénie. Hajiwezi kwa lolote, apelekwe kituoni. Chaguo limefanywa kwa niaba yake na mlezi wake, Augustin, rais wa shirika la haki za walemavu, Likasi.'"

Akaikunja karatasi, akamtazama rais kwa upole mwingi, akamuuliza kama sanduku lake ataliandaa mwenyewe au wamsubiri dada yake amwandalie.