Mtani wa Mzee Abilahi

"Ina jina langu," Kijakazi aliwajibu polisi walipomuuliza kwa nini ameiba simu ya marehemu.

Wakacheka. Lakini alisema kweli. Nyuma ya kile kisimu cha tochi palibandikwa plasta, na juu ya plasta mtu alikuwa ameandika kwa wino mzito: KIJAKAZI. Marehemu, mke wa Mzee Abilahi, alikuwa na jina hilohilo. Pwani hii Kijakazi ni wengi. Ukiita mmoja sokoni wataitika watatu.

Ilikuwa siku ya arobaini, kule Kinjumbi. Kijakazi alikwenda kumsaidia mlezi wake, Bi Hamida, kupika. Alikuwa anachambua mchele aliposikia shehe akiomba, Mungu amrehemu Kijakazi, na uani kote watu wakaitikia amina. Alikuwa na miaka kumi na minne, na alikuwa hajawahi kusikia mtu akilitaja jina lake katika dua. Alipoingia ndani kufuata sahani akaiona simu juu ya kabati, akaichukua. Hakuona raha wala hofu. Aliichukua tu, akarudi kwenye mchele.

Pazi, mtoto wa Mzee Abilahi, alikimbilia polisi hata kabla ya kumuuliza baba yake.

Hilo lilikuwa kosa la pili la Kijakazi. La kwanza lilikuwa redio, nyumbani kwa mlezi mwingine. Sasa yuko kwa mlezi wa tatu, na Yustina, afisa ustawi wa jamii, hakumficha kitu.

"Ukitiwa hatiani tena, ni shule ya maadilisho, Mbeya. Na kwa Bi Hamida hutarudi."

"Sawa," Kijakazi alisema. Kuhamishwa alishakuzoea, moyo ulikuwa umekufa ganzi siku nyingi. Aliyelia ni Bi Hamida. Yeye hakujaliwa kuzaa, na katika miezi minane alikuwa ameshazoea kupika ugali wa watu wawili.

Kulia hakumwondolei mtu kesi, naye alilijua hilo. Kesho yake alijifunga kanga, akamshika Kijakazi mkono mpaka kwa Mzee Abilahi. Walimkuta barazani anabangua korosho.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Baba Pazi, mtoto huyu hana kabila. Kwenye jalada lake wameandika halijulikani. Basi na tuseme ni Mngindo. Nyie Wamatumbi na Wangindo si watani? Mtani akibeba kitu msibani, nani anamshitaki?"

Mzee hakuinua uso. "Aliokotwa wapi?"

"Kipatimu, mlangoni pa misheni. Ana siku tatu, kaviringishwa kaniki."

"Na hilo jina, nani kampa?"

"Alikuja nalo. Lilikuwa kwenye karatasi, wamemfunga mkononi."

Mzee Abilahi akabangua korosho tatu nyingine. Zote tatu zilipasuka vipande.

"Ungindo sitautaja," alisema mwishoni. "Nitashikishwa msahafu, Hamida. Mke wangu ana miezi miwili tu kaburini, na mimi nianze kuapa uongo? Nitasema mtani. Basi."

"Mtani inatosha!" Bi Hamida alidakia, mzee asije akageuza nia.

Muda wote ule mzee hakumtazama Kijakazi hata mara moja. Kijakazi alidhani anaona kinyaa, mwizi kuletwa mpaka barazani kwake.

Siku ya kesi walikaa katika chumba kidogo cha mahakama, Kilwa Masoko. Bi Hamida alikuwa anavuta tasbihi chini ya kanga. Yustina alikuwa na fomu mbili mapajani, moja ya Mbeya, moja ya kurudi nyumbani. Kijakazi alizitazama zote mbili. Kwa mbali zilifanana.

Mzee Abilahi akaapa, mkono juu ya msahafu.

"Mtoto huyu ni nani kwako?" hakimu aliuliza.

"Mtani wangu."

"Mtani hasa, au maneno ya kumwokoa?"

"Wallahi, mheshimiwa, ni mtani wangu wa halali. Alichochukua ni haki yake."

Pazi alisonya. Hakimu, mama wa makamo, alitabasamu kidogo.

"Utani haumo katika vitabu vyangu. Lakini mwenye mali akisema hakuibiwa, mimi nitamhukumu nani?"

Kesi ikafutwa. Bi Hamida akamkumbatia Kijakazi mpaka kanga ikamdondoka, kisha akaingia na Yustina ofisini kutia saini. Kijakazi akabaki peke yake kwenye ngazi za mahakama. Alijua anatakiwa kufurahi. Akangoja furaha ije, haikuja.

Mzee Abilahi akatoka na bahasha ya kielelezo. Akaitoa ile simu, akamwekea kiganjani, akamfumba vidole.

"Mzee," Kijakazi alisema, "umeshika msahafu ukaapa uongo kwa ajili yangu. Si dhambi hiyo?"

Hapo ndipo alipomtazama, mara ya kwanza. Alimtazama sana, paji la uso, kidevu, kama anayemtafuta marehemu mkewe humo, mpaka Pazi akapiga honi kule barabarani.

"Sikuapa uongo," alisema. "Babu na mjukuu wake ni watani."

Kisha akashuka ngazi, akapanda nyuma ya pikipiki ya Pazi, wakaondoka.