Rangi ya Skrubu

Bwana Mbaruku aliipakata kompyuta yake ya zamani, iliyolingana umri na ndoa yake, akagoma kumwachia fundi.

"Ifungue hapa hapa nikikuona, binti. Nyie mafundi mnaiba vipuri. Kila skrubu nimeipaka rangi nyekundu ya kucha. Ikiguswa, najua."

Mkewe, Bi Salha, alikaa kando, mikono ndani ya kanga.

Mzee alipoiweka mezani hatimaye, Fundi Tausi alibonyeza vitufe kimoja kimoja. Hakuna herufi iliyotokea. Akaigeuza mashine, akainama kuzitazama skrubu.

"Rangi hii imekwanguliwa, mzee, kisha ikapakwa upya. Kwa rangi ile ile."

Akafungua. Utepe unaounganisha kibodi na mashine ulikuwa umekatwa kwa wembe.

"Si nilisema? Wezi!"

"Nani mwingine aliitengeneza?"

"Hakuna! Haijawahi kutoka nyumbani kwa…"

Akamgeukia mkewe taratibu.

Bi Salha akaitoa mikono kwenye kanga, akaiweka mezani, kando ya skrubu. Kucha zake zilikuwa na rangi nyekundu ile ile.

"Tangu ustaafu unazungumza na hiyo tu. Nimeikata mimi, Mbaruku. Na samahani siombi."