Mstari wa Kofia

Mirlande alipofungua kitambaa alichojifunga mteja kwenye paji la uso, vidole vyake vilisita. Kisogo na utosi alishamaliza kuvisuka. Sasa ilikuwa zamu ya mbele, na huko mbele kulikuwa na mstari.

Ulianzia juu ya sikio la kushoto, ukapita panjani, ukazunguka paji la uso hadi sikio la pili. Palipopita mstari, nywele zilikuwa zimekatika, fupi na kavu.

Miaka kumi na minne ya ususi ilikuwa imemfundisha kusoma vichwa. Nywele zilizovutwa na rasta nzito hung'oka na mzizi. Zilizounguzwa na dawa hukatika ovyo, kichwa kizima. Kukatika kwa duara namna hii ni kazi ya kitu kinachobana kutwa, kila siku. Kofia ya sare, kama ya askari wa uhamiaji.

"Mbona umenyamaza?" mteja aliuliza. Alikuwa amejitambulisha kwa jina la Altagracia.

"Naangalia nywele zako, mpenzi. Hizi zimechoka. Kazini mnavaa nini kichwani?"

"Mambo ya kazini tuyaache kazini. Wewe usinibane tu hapo mbele."

Kihispania chake kilikuwa safi mno. Watu wa hapa Santo Domingo humeza nusu ya maneno, lakini huyu hakumeza herufi hata moja, kama mtu aliyesomea kuongea. Simu alikuwa ameilaza kifudifudi mapajani, na kila dakika mbili aliichungulia.

Alhamisi iliyopita, kwenye kiti hikihiki, Guerda, msusi mwenzake, alimsuka mwanamke mgeni, mpole, mwenye maswali. Mgeni alipofika kona tu, lori la uhamiaji likafunga breki mlangoni. Sokoni wanaapa kwamba ndiye aliyewaita. Guerda sasa amerudishwa kwao Haiti, na mwanawe anayenyonya yuko kwa jirani, analishwa uji wa wanga. Mirlande naye alivuka mpaka kutoka Haiti vilevile kama Guerda, bila karatasi hata ya kufungia karanga.

"Hapa mko wangapi?" Altagracia aliuliza.

"Niko peke yangu."

"Na wakaguzi huwa wanapita?"

"Wapite wakague nini? Hapa ni vitana na mafuta tu."

"Na pazia lile linakwenda wapi?"

"Chooni," Mirlande alisema. Nyuma ya pazia kulikuwa na mlango wa uchochoroni.

Kukimbia sasa kungekuwa kujichongea mwenyewe. Lakini mtu hatoki barabarani na nusu kichwa, hata awe nani. Huyu asingenyanyuka kwenda kuwaita wenzake kabla hajamalizwa. Ikifika saa kumi na mbili soko litafungwa, njia itafurika watu, na Mirlande atajichanganya humo apotee. Zilibaki dakika hamsini.

Basi akafanya kazi polepole, kwa uangalifu ambao hata yeye hakuwahi kuutumia. Rasta zilizobaki alizirudisha kwenye ndoo ya maji na siki, zitoe ile dawa inayowasha ngozi. Akazisuuza, akazikamua, akazipepea. Akapaka mafuta ya nyonyo kwenye mstari, kwa ncha ya kidole. Kila suko alilianzisha kwa nywele zenyewe kwanza, kisha akaongeza rasta kidogokidogo ili mzizi usibebeshwe mzigo wote kwa mpigo.

"Unachelewesha," mteja alisema.

"Nikiharakisha, baada ya miezi miwili utakuja kunidai nywele zako."

Altagracia alicheka kidogo, halafu akaichungulia simu tena.

Pale panjani, penye nywele dhaifu kuliko zote, Mirlande alimkumbuka Guerda. Hasira ikampanda. Ukivuta hapo mara moja tu, kwa nguvu, panabaki upara, nywele hazioti tena. Akavuta.

Chozi likamtoka yule mwanamke, likateleza hadi kidevuni. Alishika tu mikono ya kiti kama mtu aliyezoea kuumizwa bila kulalamika. Mirlande akaona aibu, aibu kabisa. Akalifumua lile suko, akalianza upya, limelegea.

Yalikuwa yamebaki masuko manne. Ng'ambo ya barabara, Doña Chea, muuza vitumbua, akagonga kikaango chake mara tatu.

Mirlande aliijua ishara hiyo. Lori. Kumbe yule mwanamke alikwishawaita zamani, kwa simu ileile.

Altagracia aliruka kutoka kitini, akasimama katikati ya chumba, kati ya Mirlande na pazia. Nje breki zililia. Milango ya lori ikafunguliwa, na viatu vizito vikashuka.

Mirlande alikitua kitana mezani.

"Haya, umenipata. Waambie wenzako waingie. Wasinikokote tu, nitatembea mwenyewe."

Yule mwanamke alimkodolea macho. Kisha akatumbukiza mkono mkobani, akatoa nywele ndefu za bandia, zilizonyooka kama za wanawake wa hapa, zenye lastiki nene pembeni, akazivaa juu ya masuko yake mabichi na kuzivuta hadi lastiki ikakaa palepale kwenye mstari.

"Wenzangu gani, dada?" alisema kwa Kikrioli cha Haiti. "Nionyeshe pa kutokea, nakuomba."