Sauti Zinazopita kwa Somoe

Siku hizi sauti ya mtu haifiki hospitali mpaka ipokezwe redio kwa redio, nyumba hadi nyumba. Anayezima yake hunyang'anywa, na siku akiugua hana pa kuitia.

Redio ya Somoe ilishinda ikikoroma shida za watu. Mchana ule mwanawe mchanga ndiyo kwanza alikuwa amepata usingizi, naye akaizima. Kidogo tu.

Alipoiwasha alasiri, yakamwagika maneno ya Bi Nangumbu, jirani wa mwisho kule bondeni, yaliyokuwa yakingoja njia.

"Somoe mwanangu, nimeumwa na nyoka. Nipitishie hospitali."

Kisha, "Mwanangu, upo?"

Kisha, kwa sauti ya chini, "Haya, labda mtoto kalala. Nisije nikamwamsha."

Somoe akamwita. Akamwita tena, akalia, akamwita. Kimya.

Magharibi kituo cha redio cha hospitali kikajulia watu hali kama kawaida: "Wa bondeni, mmeshindaje?" Kwa desturi, nyumba ya mwisho ndiyo hutangulia kujibu. Somoe akangoja. Mtoto akajinyoosha mgongoni mwake, kashiba usingizi.

Akabonyeza kitufe.

"Tumeshinda salama," akasema. "Sote."