Tarishi wa Kiunga

Nikutegee: nina tarishi asiye na miguu, nusu mwaka huenda, nusu mwaka hurudi. Nani huyo?

Bi Mwanaesha wa Kiunga humtegea hivyo mjukuu wake Hadiya, naye hushindwa, maana amezaliwa baada ya upepo wa kaskazi kufungwa ili mitambo ya umeme ipate ule wa kusi mwaka mzima. Zamani bahari ilimpelekea dada yake bibi kibuyu cha iliki hadi Kismayu, kaskazi ikaja ikageuza maji, ikakirudisha kimejaa ubani. Leo bibi ameziba kingine kwa nta, akakitia majini.

"Bibi, si umpigie simu tu?"

"Hapokei tangu mwezi wa Rajabu, mwanangu."

Hadiya akakitazama kibuyu kikienda zake.

"Ni mkondo," akasema polepole. "Ila wetu huenda tu, haurudi, bibi."