Kobe wa Kuonyesha Wageni

Kwenye mkutano wa wazazi shuleni, mwalimu mkuu alimnyang'anya binti wa Masele kobe wa chuma, akambana kobe huyo kwapani. "Huyu ni wa kuonyesha wageni."

Kobe huyo, anayetembea kwa kufuata amri, aliletwa Mwanza ili watoto wajifunze kompyuta kwa kucheza. Wakubwa wa shule wakamfungia kabatini, nailoni ya dukani ingali mgongoni, hadi binti alipomtoa siku hiyo.

Masele, mgane aliyebakiwa na mtoto huyo tu, uvumilivu ukamwisha. Akasimama mbele ya wazazi wote.

"Mwanangu, niamuru mimi."

"Baba, mbele," mtoto akanong'ona. Masele akaenda. "Kulia." Akageuka. Watoto wakaangua kicheko. "Mbele tena."

Akasimama pua kwa pua na mwalimu mkuu.

"Mzee Masele, umelewa?"

"Kobe hajibu maswali, mwalimu. Anangoja amri."

Kicheko kikakatika. Nyuma yake binti akasema, safari hii kwa sauti, "Baba, chukua."