Ua Uani

Mzee Kibacha hakuwa na meno ya mbele, hakuwa na kofia ya maana, na tangu kiangazi kilipoanza hakuwa na mke. Bi Somoe alirudi kwa kaka yake siku mumewe alipolifyeka ua la mchangani alilokuwa akilimwagilia, akidhani ni gugu.

"Asiyetofautisha ua na gugu," alimwambia, "atamjuaje mke?"

Mvua ya kwanza iliponyesha, mbegu zilizobaki mchangani zilijiotea. Ua moja la manjano likachanua. Kibacha akalizungushia miiba, akaketi kando yake.

"Siku hizi unachunga majani?" jirani yake Chiponda alimtania, akipita na mbuzi.

"Ni ua. Muulize shemeji yako."

"Akirudi."

"Na huyo mbuzi mpitishe mbali."

"Lenyewe litanyauka wiki hii hii, bwana."

"Ndiyo maana nina haraka."

Akaingia ndani, akaandika: "Mke wangu, ua limerudi uani. Sasa nalijua. Njoo kabla halijanyauka." Akaigandisha bahasha kwa uji wa muhogo, akampa dereva wa lori la chumvi. Lori likaondoka likitimua vumbi, naye Kibacha akasimama mbele ya ua, ameitandaza kanzu yake kama pazia.